Alama Nyekundu kwenye Ukuta wa Bibi

Mtendaji wetu mpya wa kata alifika mwishoni mwa masika, barabara zikiwa zimeanza kukauka na vumbi jekundu likiamka. Alikuja na pikipiki ya serikali, miwani aliyopenda kuipandisha kwenye paji la uso kama mtu anayetafuta kitu mbali, na leso nyeupe ya kufutia viatu. Kabla ya kuingia popote alisimama, akainama, akafuta kiatu cha kulia, akafuta cha kushoto, akatazama kama tumeona. Tulikuwa tumeona. Nimeishi juu ya uwanda huu wa Newala miaka mingi na sijapata kuona mtu akilishinda vumbi letu, lakini nilimtakia heri.

Mimi si mtu wa huku kwa kuzaliwa. Kwetu ni Masasi, chini kule kwenye miamba, nami ni binti wa Wayao wauza duka. Nilipangiwa kufundisha katika kijiji kimoja si mbali na Kitangari, na kwa kuwa nyumba za walimu zilikuwa msingi tu, na msingi wenyewe mbuzi walikuwa wamekwisha kuuzoea, nikapanga chumba cha nyuma katika nyumba ya mama mmoja mjane aliyeitwa Bibi na kijiji kizima. Ni nyumba ya miti na udongo, paa la nyasi, pembeni kabisa ya barabara kuu. Nilidhani ningekaa muhula mmoja. Bado nipo.

Nyasi zile zimenifundisha mengi kuhusu nchi, na nitaeleza polepole kwa asiyezijua. Paa la nyasi si ujinga. Linaweka ubaridi mchana na halipigi kelele mvua ikinyesha. Lakini lina masharti mawili: libadilishwe kila baada ya misimu kadhaa, na wapande watu wepesi wenye magoti mazima. Zamani hilo halikuwa tatizo. Ulipika togwa, ukaita vijana wa ukoo, na jioni ulikuwa na paa jipya na wimbo mpya wa kukutania. Siku hizi togwa unaweza kupika pipa zima. Vijana wako Mbagala. Wengine wako ng'ambo ya Ruvuma, wengine Kariakoo wanauza vifuniko vya simu. Waliobaki tunaweza kuangalia paa, kulisikitikia, na kushuka kwenye kigoda kwa msaada wa mtu.

Na bati? Kila mtu huku anataka bati. Uwanda wetu hauna mito. Mama zetu walishuka bondeni na kupanda na maji kichwani tangu zamani, na mwenye bati anakinga mvua kwenye kisima chake akanywa miezi. Kwa hiyo mtendaji alipotangaza kwamba nyumba za nyasi ziondoke, hakuwa ametuletea wazo. Alikuwa ametuambia tunachokitaka, kwa sauti ya kututisha.

Alitangaza hivyo katika mkutano wake wa kwanza, mbele ya ofisi ya kata. Nataka uione ofisi hiyo, maana itarudi. Ina vyumba viwili. Kimoja kina bati. Cha pili bati liling'olewa na upepo zamani, kikafunikwa turubai la bluu, na turubai limechakaa hadi ukiwa ndani unaweza kujua ni saa ngapi kwa kutazama juu. Mtendaji alisimama upande wenye bati.

"Vijana!" alianza. "Changamkieni fursa!"

Tuligeuka kuwatafuta vijana. Mtu mdogo kuliko wote pale alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimebakiza kidogo kustaafu.

"Nyumba za nyasi kando ya barabara ni aibu kwa kata," akaendelea, kidole juu. "Nimetoa muda hadi watoto watakapotoka jandoni. Baada ya hapo, isiyo na bati nitaibomoa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," tukajibu, kama darasa.

"Sijasikia! Tumeelewana?"

"Tumeelewana!"

Alikuwa na neno hilo kila baada ya sentensi. Mjomba mmoja wa ukoo wa Bibi, mzee mchongaji vinyago mwenye meno machache na ulimi kamili, aliinua mkono.

"Mheshimiwa, tunashukuru sana. Sisi bati tunalipenda. Swali langu ni dogo. Litapandishwa na nani?"

"Na vijana wenu!"

"Ahsante. Na vijana wetu utatuletea lini?"

Watu wakacheka chini chini. Mtendaji akapandisha miwani. Akasema kwamba vijana wamekimbia kwa uvivu, na kila mzazi amwite mwanawe. Kisha akafuta viatu na kuondoka.

Siku chache baadaye alikuja kwa Bibi, yeye na mgambo wake aliyebeba kopo la rangi. Bibi alikuwa kwenye mkeka anabangua korosho. Mtendaji, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, alisimama mbele yake akatazama paa. Hakusalimu.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bibi.

Mgambo akakohoa ili asicheke. Hapa nina neno kwa vijana wanaopangiwa kazi huku, maana najua mnakuja na hofu na hakuna anayewaeleza. Msiogope. Watu wa uwanda ni wepesi. Anza na shikamoo tu, mengine yatafuata. Ukiiacha, watakuitikia hivyo hivyo, na hapo ndipo utakapojua umekwisha.

Mtendaji hakujua. Aligeuka kwangu. "Mwalimu, wewe ni mwenzetu serikalini. Unaishije kwenye nyasi?"

"Kwa sababu nyumba ya mwalimu haijajengwa, mheshimiwa."

"Hilo linashughulikiwa."

"Ndiyo. Hata mbuzi wanalisubiri."

Akaamuru. Mgambo akachora alama kubwa ya mkasi, ile ya X, nyekundu, ukutani kando ya mlango, rangi ya mafuta ikichuruzika. Kote nchini watu wanaijua alama ile. Maana yake ni kwamba nyumba yako imekwisha kufa, inasubiri kuzikwa. Bibi aliitazama kwa utulivu.

"Hiyo ni nini?"

"Hiyo ni amri, mama. Ukitaka iondoke, mwite mwanao aje aezeke bati."

"Yuko mbali."

"Mpigie sasa hivi. Mbele yangu."

Bibi akaniomba simu. Nikaiweka sauti ya nje, maana mwenyewe asingesikia. Mwanawe wa mwisho alipokea mlio wa kwanza.

"Mama, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kuna mheshimiwa hapa anasema urudi ujenge."

"Mheshimiwa gani?"

"Mpya."

"Yule wa zamani yuko wapi?"

"Alihamishwa."

"Basi na huyu subiri."

Bibi alitazama korosho zake. Mimi nilitazama mawingu. Mtendaji akaisogelea simu.

"Kijana! Kwa nini umeikimbia ardhi yako?"

"Ah! Shikamoo mheshimiwa. Sijaikimbia. Niko Mbagala, tumepanga chumba kimoja watu wanne. Bati lipo. Linavuja."

"Rudi nyumbani, fursa zipo!"

"Zipi, mheshimiwa?"

"Nyingi."

"Nitajie moja niwaambie wenzangu, wapo hapa wanasikiliza."

Tukasikia upande wa pili watu wakisema kwa pamoja, "Shikamoo mheshimiwa!" Mtendaji akafungua mdomo, akapandisha miwani, na kwa bahati yake salio langu likaisha.

Lakini usidhani kulikuwa na kicheko tu. Usiku ule Bibi hakula. Nyumba ile ilijengwa na kaka zake kabla hajazaa, na kwa desturi ya Wamakonde nyumba ni ya mwanamke na ukoo wake. Mume ndiye huja. Watoto wake wote walizaliwa katika chumba ninachopanga mimi. Aliniuliza kama wakiibomoa, mtu wa umri wake huanzia wapi. Nikamwambia atakuja Masasi kwetu. Akasema Masasi ni pazuri, ana shukrani, lakini hajui atamsalimia nani asubuhi.

Kesho yake nilipotoka kwenda shule nilimkuta na ndoo ya udongo mwekundu uliolainishwa vizuri. Alikuwa anasiliba ukuta. Alikwisha kuifunika alama yote, akiupapasa udongo kwa kiganja kama anayemlaza mtoto.

"Bibi, unafanya nini?"

"Ukuta ulikuwa na ukurutu."

Mtendaji alipopita akaona ukuta umekuwa laini. Alimtuma mgambo apake tena. Bibi akasiliba tena. Mgambo alipaka mara ya tatu kwa aibu, akiwa amekwisha kupewa uji, na akaniomba niwe shahidi kwamba ameipaka, lakini hakukaa kuangalia kitakachofuata. Nyumba nyingine nazo zikaanza kupata ukurutu. Kufika katikati ya Juni barabara nzima ilikuwa haijawahi kuwa na kuta nzuri namna ile, na rangi kwenye kopo ilikuwa chini.

Sasa nieleze jando, kwa wasomaji wa mbali. Siku hizi hufanywa wakati wa likizo ya shule, watoto wasikose masomo, na sisi walimu tunashukuru. Watoto wanapotoka kuna sherehe, na mtoto anayetoka lazima apokewe na mjomba wake, kaka wa mama yake. Kwa Wamakonde mjomba si mtu wa kutuma salamu. Unaweza kukosa harusi, unaweza kukosa kazi, lakini mpwa wako akitoka jandoni ukakosekana, usirudi tena huku, hata kwa kuzikwa. Mwaka ule mjukuu wa Bibi, mtoto wa binti yake, alikuwa anatoka.

Kwa hiyo vijana wakaja. Basi baada ya basi. Walishuka na mabegi, na viatu vyeupe, na maneno ya Dar es Salaam. Mwanawe Bibi wa Mbagala akaja, na kaka yake wa ng'ambo ya Ruvuma akaja. Kwa siku chache kijiji kilisikika kama zamani, na mimi nilifurahi kuwaona wanafunzi wangu, hata wale niliodhani hesabu zingewashinda kabisa. Wengine ndio wanaofanya biashara.

Mtendaji aliwaona pia. Na hapo akafanya kosa lake kubwa, maana alihesabu kwamba wameitika amri yake.

Siku ya sherehe aliketi mbele kwenye kiti cha plastiki kama mgeni rasmi, uwanjani, mkabala na ofisi ya kata. Uso wake ulikuwa unang'aa. Aliniita, akanionyesha simu. Alikuwa amewaandikia wakubwa wake wilayani kwamba kufuatia agizo lake vijana wamerejea kwa wingi kujenga makazi bora.

"Mwalimu, nitazamie Kiswahili."

"Kiswahili ni kizuri, mheshimiwa," nikamwambia. Nilichoulizwa ni hicho.

Kisha ngoma zikabadilika na midimu wakaanza kutoka. Mdimu ni mcheza ngoma mwenye kinyago cha mti kilichofunika kichwa kizima, mwili umefungwa nguo asionekane hata kidole. Kwa wenyeji yule si mtu. Ni kitu kilichotoka kuzimu kuja kucheza. Wanawake tunatakiwa kukimbia, na sisi hukimbia kwa heshima zote, si mbali sana, tusije tukakosa kuona. Jambo lingine ambalo mtendaji hakuwa ameambiwa ni kwamba vinyago vile tangu zamani huchongwa kwa mfano wa mtu. Aliyewachosha watu mwaka huo, awe mzungu, awe karani, awe mwenyekiti, hujikuta akicheza.

Wa kwanza alikuwa mzee aliyepinda kiuno. Wa pili alikuwa mwanamke mwenye ndonya, kile kipande cha mti cha mdomo wa juu. Wa tatu alitoka akinguruma kama pikipiki.

Alizunguka uwanja mzima, mikono kwenye usukani usiokuwepo, akasimama mbele ya mgeni rasmi, akashuka. Kinyago kilikuwa na miwani ya waya juu ya paji la uso. Akatoa leso. Akafuta mguu wa kulia. Akafuta wa kushoto. Akatazama kama tumeona.

Sijapata kusikia kicheko kama kile. Hakikutoka mdomoni, kilitoka ardhini. Mtendaji naye akacheka na kupiga makofi.

"Huyu ni mimi!" aliniita kwa furaha kule nilikokimbilia. "Wamenienzi!"

Akasimama pembeni ya mdimu, akampa mgambo simu, wakapigwa picha pamoja, miwani mbili juu ya mapaji mawili. Picha ikaenda wilayani papo hapo, chini ya ule ujumbe.

Mdimu akainua kidole. Hakusema neno, mdimu hasemi. Uwanja mzima ukamsemea.

"Tumeelewana!"

Akachovya fimbo kwenye bakuli la udongo mwekundu, akaanza kuchora alama ya mkasi. Alichora kwenye ngoma. Alichora kwenye mgongo wa mjomba mchongaji, naye akajilaza chini kama amebomolewa. Kila alama, kidole juu, na kila kidole, "Tumeelewana!" Kisha akapanda pikipiki yake ya hewa, akanguruma hadi ofisi ya kata, upande wa turubai. Akatazama juu. Akatazama turubai kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kile kizito cha mti, akatoa leso akajifuta machozi. Na akachora alama ukutani mwa ofisi, kubwa kuliko zote.

Hapo kicheko cha mtendaji kikakatika katikati, kama redio iliyoisha betri.

"Yule ni nani?" akamuuliza mjomba, aliyekuwa amekwisha kuinuka na anajikung'uta vumbi.

"Mdimu."

"Najua ni mdimu. Ndani yumo nani?"

"Ndani ya mdimu mna mdimu, mheshimiwa."

"Mgambo! Nenda kamvue kile kitu uniletee mtu aliyemo!"

Mgambo, ambaye tulikuwa tumemwona akitii kila amri tangu masika, alisimama wima kabisa.

"Mheshimiwa, mimi nimepita jandoni. Pale hamna mtu."

Hata leo sijui alikuwa nani. Mimi ni mwanamke na mgeni, haifai nijue, na ningejua nisingeandika. Ninachoweza kusema ni kwamba wana wawili wa Bibi walikuwa mahali fulani kwa muda ule, na walirudi wakiwa na kiu sana.

Asubuhi iliyofuata vijana walikuwa juu ya paa letu. Hawakuwa na bati. Mwaka ule korosho zilikuwa zimeuzwa kwa bei ya kuchekesha. Walikuwa na nyasi, kamba na magoti mazima. Kumi hivi walikuwa juu, wengine chini wakirusha mafungu, na togwa ya Bibi ilikuwa inaisha. Ukutani alama ilikuwepo, ya mara ya nne, kwani mtendaji alikuwa amemaliza kopo siku moja kabla ya sherehe. Muda aliotoa ulikuwa umekwisha. Tulikuwa tunaezeka nyumba ambayo kwa serikali ilikuwa marehemu.

Tukasikia pikipiki. Kazi ikasimama. Bibi hakuinuka kwenye mkeka, lakini niliona mikono yake imeacha korosho.

Mtendaji alikuja peke yake. Hakufuta viatu. Alifika mbele ya Bibi, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Bibi alimwacha asubiri kidogo tu, kiasi cha kupata funzo.

"Marahaba. Leo umeitoa mwenyewe."

Akaketi ukingoni mwa mkeka, akaeleza kwa sauti ndogo. Wilayani wamefurahia sana picha. Mkubwa wake anakuja kesho kutwa kuwapongeza vijana waliorejea. Sasa anaomba, kwa hisani yao, vijana wasiondoke.

"Tiketi tumekata, mheshimiwa," alisema wa Mbagala kutoka juu.

"Siku mbili tu, ndugu yangu."

"Mimi sikatai," alisema Bibi. "Wanangu wakae. Lakini watalala wapi? Nyumba ina alama. Wewe mwenyewe umesema imekufa."

"Alama itaondolewa."

"Lini?"

"Nitamtuma mgambo."

"Mgambo anajua kupaka tu." Bibi akaelekeza kwa kidevu. "Udongo ule pale."

Juu ya paa vijana wakainama kutazama. Yule bwana alitazama ndoo, akatazama shati lake, akatutazama sisi. Nilimwonea huruma, kwa kweli; alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa zamani na hakuwa na mtu wa kumshauri. Nikamwambia kama ninavyowaambia watoto, anza juu, shuka chini, usiogope kuchafuka. Akakunja mikono ya shati. Alisiliba vibaya, kwa mabonge, lakini alisiliba. Alipomaliza, Bibi alimpa maji ya kunawa, na ukijua maji huku ni nini utajua kwamba alikuwa amesamehewa. Akampa na togwa. Juu ya paa mmoja akainua kidole. "Tumeelewana?" Mtendaji, togwa mdomoni, akaitika kwa kichwa.

Vijana waliondoka kwa basi la alfajiri ya kesho yake. Walikuwa wamekata tiketi kweli, na chumba cha watu wanne Mbagala kina kodi hata usipokilalia. Mkubwa kutoka wilayani alifika akatukuta sisi. Mjomba mchongaji alimpokea kwa heshima.

"Vijana wako wapi?" akauliza.

"Wako kazini, mheshimiwa."

"Safi sana. Kazini wapi?"

"Dar es Salaam."

Nyumba haikubomolewa, wala nyingine yoyote. Amri haikufutwa pia. Imekaa tu mahali, kama turubai. Mtendaji wetu hajahamishwa. Anasalimu hadi mbuzi.

Ila rangi ya mafuta haifi upesi, na udongo wa mtendaji ulikuwa wa mabonge. Mvua za kwanza za mwaka ule zilipopiga ukuta, bonge moja likaanguka, na alama ikaonekana nusu, nyekundu kama mpya. Tangu hapo kila msimu hutokea. Na kila ikitokea, Bibi hugonga mlango wangu asubuhi, ndoo mkononi.

"Mwalimu, amka. Mheshimiwa amechungulia tena."

Ninatoka na kigoda. Yeye anasiliba chini, mimi, ambaye bado nina goti moja zima, nasiliba juu.